Majina chini ya mchoro wa nukta: namna ya kuyaandika katika lugha ya R



Wengi kati yenu mumekwisha kuchora nukta juu ya karatasi ya miraba: urefu wa mtoto kwa upande wa chini, uzito wake kwa upande wa kusimama, kila mtoto na nukta yake moja. Kazi ile haina shida, kwa sababu pande zote mbili ni vipimo. Sentimita 150 inapita sentimita 140, na katikati yao iko 145, ambayo ni urefu wa kweli. Ukitafuta katika darasa la kwanza utamupata mtoto mwenye urefu ule. Lakini kuna maswali mengine, na ni mengi, ambamo upande wa chini hauna kipimo. Una majina tu. Kuku huyu alikula chakula gani? Shamba hili liko kwa kilima gani? Mwanafunzi huyu ni wa section gani? Hapo ordinatere inaanza kutupoteza. Ao tuseme vizuri zaidi, inafanya kile tulichoiamuru, na sisi tunasoma kitu kingine.

Sisi wa mwaka wa sita tumeona vema kueleza jambo hili moja katika gazeti, kwa sababu katika statistiki tunaulizwa michoro, na wengi wetu tutakwenda kwenye masomo ya kilimo, uganga ao uchumi, ambako michoro hii ni chakula cha kila siku.

Chombo tunachotumia ni lugha ya programu inayoitwa R. Walioianzisha ni waalimu wawili wa chuo kikuu cha Auckland, kule New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Herufi R ni mwanzo wa majina yao yote mawili. Namba yake 1.0.0 ilitoka mwaka 2000. Haiuzwi. Ukikwisha kuiweka ndani ya ordinatere haikuombi intaneti tena, na mashine ya zamani inaiweza. Kitu kinachoizuia kwetu ni umeme tu, na juu ya umeme hatuna somo la kutoa.

Tena R inakuja na hesabu zake za kujifunzia ndani. Moja inaitwa chickwts, na tumeichagua kwa sababu inasema juu ya kuku, kitu ambacho kila nyumba hapa inakijua. Vifaranga vilivyototolewa karibuni viligawanywa katika makundi sita bila kuchagua, kila kundi likapewa chakula chake cha kuongezea, kisha majuma sita vikapimwa kwa gramu. Vifaranga ni 71. Hesabu yenyewe ilichapishwa katika gazeti la Biometrika mwaka 1948. Ndani ya R majina ya vyakula yako kwa Kiingereza. Sisi tutayageuza chini, na kule kuyageuza ndiko kuna mtego mkubwa, ndiyo maana tunaenda polepole.

Jaribio la kwanza. Fungua R uandike:

plot(chickwts$feed, chickwts$weight)

Hutaona nukta. Utaona masanduku sita. R imetambua kwamba feed si kipimo ila ni makundi (kitu cha namna hii R inakiita fakta), ikaamua yenyewe kuchora masanduku yanayoonyesha katikati na pembeni za kila kundi. Haiko vibaya. Majina sita yako chini, kila jina mahali pake. Lakini sanduku linaficha hesabu: halisemi kama ndani mlikuwa vifaranga 10 ao 1000. Kundi moja hapa lina 10, lingine lina 14, na sisi tunataka kuona kila kifaranga kwa nukta yake. Basi mtu anamulazimisha R ageuze majina kuwa namba:

plot(as.numeric(chickwts$feed), chickwts$weight)

Sasa nukta zimekuja, safu sita zilizosimama. Majina yamekwenda. Chini tunasoma 1, 2, 3, 4, 5, 6.

Tusimame hapa kidogo. Namba hizi si kipimo cha kitu chochote. Ni kama namba za vitanda katika internat: anayelala kitanda cha 6 hana usingizi mara sita kumupita anayelala kitanda cha 1. Namba ya 6 hapa ni alizeti na namba ya 1 ni kazeini, ile proteini ya maziwa. Alizeti si kazeini mara sita. Kwa hiyo haifai kuunganisha nukta kwa mstari toka safu moja mpaka ingine, hata kama mashine inakubali. Haifai kusema “namba ikipanda uzito unapanda”. Ukihamisha vitanda, kupanda kunageuka kushuka.

Mwenye kutaka kuona upuuzi wa namba hizi kwa macho yake achukue hesabu ingine ya R, iris, yenye maua 150 ya aina tatu, 50 kwa kila aina. Maua yale yalipimwa na Edgar Anderson, na Ronald Fisher akayatumia katika andiko lake la mwaka 1936. Ukigeuza aina tatu kuwa namba na kuchora, R inaandika chini: 1.0, 1.5, 2.0, 2.5, 3.0. Aina ya 1.5 ni ua gani? Hakuna. Hakuna mtu amekwisha kuliona. R iliona namba tu, ikaigawa sawa vile inavyogawa sentimita.

Basi inapashwa kuondoa namba na kurudisha majina. Kazi hii ina amri mbili. Ya kwanza inachora na kuikataza R isiandike chochote kwa mhimili wa chini; neno lenyewe ni xaxt = "n". Ya pili inaandika mhimili kwa mkono wetu:

plot(as.numeric(chickwts$feed), chickwts$weight, xaxt = "n", xlab = "", ylab = "Uzito (gramu)")
axis(1, at = 1:6, labels = ...)

Namba 1 ndani ya axis maana yake ni upande wa chini. 2 ni kushoto, 3 juu, 4 kuume. Neno at linasema majina yakae juu ya nafasi gani. Na mahali tulipoacha nukta tatu ndipo tunaandika majina. Mambo yote ya somo hili yako katika nukta tatu zile.

Mwanafunzi anafanya nini? Anafungua orodha ya chickwts, anaisoma kutoka juu mpaka chini, anakuta maharagwe makubwa ndiyo ya kwanza, kisha mbegu za kitani, kisha soya, alizeti, unga wa nyama, na mwisho kazeini. Anayaandika kwa mpango ule ule aliousoma. Nani angefanya ingine? Mashine haikatai. Mchoro unatoka safi, unapendeza, wenye majina sita. Na yote sita ni ya uongo.

Sababu ni hii: R haipangi makundi sawa vile yanavyofuatana katika orodha. Tusipoiambia kitu, inayapanga kwa alfabeti ya majina yake ya Kiingereza. Tazameni upande kwa upande. Tumeweka pia wastani wa uzito wa kila kundi kwa gramu.

Nafasi 1: kweli ni kazeini, 323.6, mwanafunzi ameandika maharagwe.
Nafasi 2: kweli ni maharagwe, 160.2, ameandika kitani.
Nafasi 3: kweli ni kitani, 218.8, ameandika soya.
Nafasi 4: kweli ni unga wa nyama, 276.9, ameandika alizeti.
Nafasi 5: kweli ni soya, 246.4, ameandika unga wa nyama.
Nafasi 6: kweli ni alizeti, 328.9, ameandika kazeini.

Angalieni maharagwe. Ni chakula cha chini kabisa kati ya vyote sita: kifaranga kizito cha kundi lile kilifika gramu 227, kile chepesi 108. Katika mchoro wa uongo yamepanda karibu na juu kabisa, gramu 323.6, zaidi ya mara mbili ya ukweli wake. Tuseme mama mmoja mwenye kufuga anaonyeshwa mchoro ule na mtoto wake aliyesoma. Ataamini. Atatoa feza kununua maharagwe magunia mawili, na kuku zake hazitasoma mchoro. Angalieni na kazeini: imeandikwa juu ya 328.9 na ukweli wake ni 323.6, karibu sawa. Kwa hiyo mwalimu mwenye haraka, akipima jina moja tu na likatokea kuwa lile la kazeini, atasema kazi iko sawa.

Wamoja watasema: lakini mashine inapima makosa. Ndiyo, inapima, lakini hesabu tu. Ukiandika majina matano juu ya nafasi sita R inakataa, inasema urefu wa orodha mbili hazilingani. Ukiandika sita, imeridhika. Inajua kuhesabu majina, haijui kama ni ya nani.

Dawa ni kutoandika majina kwa mkono. Tuyaombe kwa hesabu yenyewe:

axis(1, at = 1:6, labels = levels(chickwts$feed))

Neno levels linatoa majina ya makundi kwa mpango ule ule ambao R ilitumia kugawa namba. Nafasi ya 1 inapata jina la 1, haiwezi kuwa ingine. Hata kesho orodha ikiongezwa ao ikipangwa upya, majina yanafuata nukta zake.

Sasa, majina haya ni ya Kiingereza, na tunataka Kiswahili juu ya mchoro wetu. Ni hapa watu wazuri wanarudi kwenye mtego: wanaacha levels na kuandika tena kwa mkono. Njia iliyo salama ni kutengeneza kamusi ndogo, kila jina la Kiingereza limefungwa na mwenzake wa Kiswahili:

kamusi <- c(horsebean = "Maharagwe", linseed = "Kitani", soybean = "Soya", sunflower = "Alizeti", meatmeal = "Unga wa nyama", casein = "Kazeini")
axis(1, at = 1:6, labels = kamusi[levels(chickwts$feed)])

Ndani ya kamusi muandike kwa mpango wowote munaotaka. Sisi tumeacha ule ule wa orodha, makusudi. Hauna kazi tena. R inachukua jina la kwanza la levels, inalitafuta katika kamusi, inaleta Kiswahili chake, kisha la pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kama umekosa herufi moja, ukiandika kamusi[levels(chickwts$feed)] peke yake utaona NA mahali pa jina lile, na utajua kabla ya kuchora. Lakini musisahau neno levels ndani ya mabano. Ukiweka chickwts$feed tupu, R haitafuti kwa jina, inatafuta kwa namba iliyofichwa chini ya jina, na tumerudi kule kule.

Tukiwa na kamusi tunaweza kufanya jambo lingine lenye faida. Alfabeti si mpango wenye maana kwa kuku. Afadhali safu zipande kutoka chakula dhaifu mpaka chakula cha nguvu:

chickwts$feed <- reorder(chickwts$feed, chickwts$weight)

Amri hii inapanga makundi kwa wastani wa uzito: maharagwe, kitani, soya, unga wa nyama, kazeini, alizeti. Rudieni plot na axis bila kugeuza herufi hata moja, na majina yatahama pamoja na nukta. Aliyeandika kwa mkono anapashwa kuanza upya, na hakuna atakayemukumbusha.

Yanabaki mambo madogo ya macho, lakini wanafunzi wengi wanakwama kwayo.

Unga wa nyama ni jina refu. Kama mahali ni padogo R haiandiki majina yanayogongana. Inaruka moja ao mawili, kimya kabisa, bila kusema neno. Ukiona majina manne chini ya safu sita, usifikiri R imeharibika. Yageuze yasimame kwa kuongeza las = 2 ndani ya axis. Tena uongeze nafasi chini ya mchoro kabla ya kuchora, kwa amri par(mar = c(9, 4, 2, 1)), kama sivyo majina yanakatwa miguu. Namba nne zile ni mistari ya nafasi tupu: chini, kushoto, juu, kuume. Kama 9 ni nyingi, weka 8.

Jambo la pili ni nukta zinazolaliana. Katika kundi la soya kuna vifaranga viwili vyenye gramu 248 sawasawa. Kwa mchoro vinakuwa nukta moja, na mwenye kuhesabu atapata 13 badala ya 14. Wenye R wametengeneza neno jitter, maana yake kutikisa:

plot(jitter(as.numeric(chickwts$feed)), chickwts$weight, xaxt = "n", xlab = "", ylab = "Uzito (gramu)")

Kila nukta inasogezwa kidogo, kushoto ao kuume, bila kupita 0.2, basi haiwezi kuingia katika safu ya jirani. Je, si uongo huo? Rafiki zetu wa section ya scientifique wamebishana sana juu ya hili. Sisi tunaona si uongo, kwa sababu upande wa chini haukuwa na kipimo tangu mwanzo. Ndani ya safu yake nukta iko ya soya tu, ikae kushoto ao kuume. Lakini uzito hatutikisi hata kidogo. Uzito ni kipimo, na anayeusogeza gramu mbili amebadilisha kuku. Kwa sababu hiyo jitter imezunguka sehemu ya kwanza tu katika amri yetu. Angalieni mabano vizuri.

Neno kwa wale wanaoleta hesabu zao wenyewe, kwa mfano wakipima mihogo ya mashamba matatu na kuandika yote katika faili. Zamani R ilikuwa inageuza kila safu ya maneno kuwa fakta yenyewe, ikisoma faili. Tangu namba 4.0.0 ya mwaka 2020 haifanyi tena hivyo: maneno yanabaki maneno, na plot ikipewa maneno kwa upande wa chini inalalamika na kukataa. Vitabu vya zamani havisemi jambo hili, na ndiyo maana mifano yao wakati mwingine haiendi. Muandike wenyewe factor kuzunguka safu ile. Na kama mashamba yameandikwa 1, 2, 3 katika faili, factor inapashwa pia, tena zaidi, kwa sababu R itaziona kuwa vipimo na haitalalamika.

Kabla ya kumuonyesha mtu mchoro wowote wa namna hii, kuna amri moja ya kupima:

tapply(chickwts$weight, chickwts$feed, mean)

Inatoa wastani wa kila kundi pamoja na jina lake. Chukua karatasi, tazama safu moja moja, uone kama kimo cha nukta kinakaribiana na namba ile. Dakika mbili zinatosha. Pima makundi yote, si moja. Mumeona kazeini namna ilivyoweza kutuponyoka.

Mchoro wenyewe hatukuuweka katika ukurasa huu, kwa sababu mashine ya kunakili inageuza nukta kuwa madoa, na safu ya soya ingefanana na mende aliyekanyagwa. Aliye na hamu auchore.

Zoezi kwa wa mwaka wa tano na wa sita. Ndani ya R mumo hesabu iitwayo PlantGrowth: mimea 30 katika makundi matatu ya 10, na uzito wake ukiisha kukaushwa. Makundi yanaitwa ctrl, trt1 na trt2. La kwanza halikutendewa kitu, mawili yalitendewa kwa namna mbili mbalimbali. Kwanza muchore kwa namba, muandike kile R inachoonyesha katikati ya 1 na 2, na kama kina maana. Pili muchore kwa majina ya Kiswahili mukitumia kamusi, mukianza kamusi kwa trt2. Tatu mupange makundi kwa wastani na museme ni kundi gani limekuja kwanza. Majibu yaandikwe kwa karatasi, amri zote zikiwa wazi, na yaletwe kwa kapita wa darasa mbele ya siku ya tano.